Najib Alipotokea Runingani

Sagal Korane alimwona mchumba wake amepiga magoti mbele ya mwanamke asiyemjua, analia, na kwa muda wote picha ile ilipokuwa kwenye kompyuta ya studio alisahau kuvuta pumzi.

Ilikuwa Jumamosi mchana, saa ambazo jua la Garissa huwafukuza hata mbuzi barabarani, na kipindi chake kilikuwa karibu kuanza. Siku nyingine za wiki Sagal aliuza vitambaa kwenye duka la mama yake pale sokoni Suq Mugdi. Jumamosi alipanda ngazi hadi kituo kidogo cha redio kilichokuwa juu ya duka la dawa, akaongea kuhusu runinga. Hakuwa amesomea utangazaji. Mwaka uliopita alipiga simu studio kulalamika kwamba tamthilia aliyoipenda ilikuwa imemzika mhusika, kisha ikamrudisha bila hata kueleza nani alizikwa badala yake. Wasikilizaji walicheka mpaka wakaomba yule msichana mwenye hasira arudi. Murithi, mwendesha kipindi aliyetoka Meru na ambaye alikuwa hajalizoea bado joto la Garissa, akampa nusu saa yake mwenyewe. Tangu hapo hakuna tamthilia iliyoanza au kumalizika bila watu wa mji kusubiri kusikia Sagal anasemaje.

Vituo vya Nairobi vilikuwa vimetuma vionjo vya vipindi vipya, na Sagal alikuwa akivitazama kimoja kimoja, hedifoni masikioni, kalamu mkononi. Cha tatu kiliitwa *Tulipopotezana*. Kilionyesha nyumba kubwa, mvua, mwanamke aliyevaa gauni la kijani amesimama mlangoni. Kisha kijana akatokea, akaanguka kwa magoti, akamshika yule mwanamke mkono kwa mikono yake miwili.

"Baba yako anaweza kunifungia mlango," kijana alisema. "Moyo wako hawezi kuufunga."

Mwanzoni Sagal alijiambia ni mtu anayefanana naye. Dunia ina watu wengi, na Wasomali warefu wenye nyusi zilizokutana si haba. Akarudisha nyuma, akasimamisha picha. Kwenye mkono wa kulia wa kijana, chini kidogo ya kidole gumba, lilikuwapo kovu jeupe kama uzi. Sagal alilijua kovu lile. Kamba ya ngamia ilimkata Najib utotoni, kule kwao Diff, na alikuwa amemsimulia habari zake mara nyingi, akicheka kila mara.

"Umemwona huyo?" Murithi aliuliza, akiinama juu ya bega lake. "Ni sura mpya kabisa. Wameandika hapa anaitwa Najib Dagane. Nafikiri ni mtu wa huku kwenu."

"Nafikiri," Sagal alisema.

"Uko sawa? Umekuwa kama umeona nyoka."

"Ni joto."

Murithi alijua kwamba Sagal ana mchumba Nairobi. Jina lake hakuwahi kuuliza, wala Sagal hakuona haja ya kulitaja kazini. Mchumba huyo, kama Sagal alivyomjua mpaka dakika ile, aliuza vipuri vya magari mtaa wa Eastleigh. Kila Ijumaa alimpigia simu kumweleza habari za bosi mkali na wateja wasioisha. Nikahi yao ilikuwa imepangwa mwisho wa mwezi.

Taa nyekundu ikawaka. Murithi akamwashiria aanze.

Sagal alianza, na baadaye hakuelewa alianzaje. Sauti ilitoka yenyewe, kama mtu anayetembea usingizini.

"Assalamu aleikum, wapenzi wa runinga. Tuanze na *Nyumba ya Bi Zuwena*. Yule mke wa mwana analia tangu kabla ya Ramadhani. Mimi nawaomba waandishi wampe mama huyu maji anywe, machozi yatamwishia na hadithi bado mbichi. Halafu mume wake. Kila akiulizwa swali anatazama dirishani. Mimi nataka kujua huko nje kuna nini, maana sisi hatuonyeshwi."

Murithi alicheka kimya, akaonyesha dole gumba.

"*Zamu ya Daktari* nimeanza kuipenda, lakini daktari wenu anatoka kula, anaingia kupasua mtu, na mikono hajaosha. Dada zangu wauguzi, mnaliona hilo au ni mimi tu? Na lile shindano la mapishi, jaji anaonja pilau kama mtu anayetafuta pete iliyopotea ndani yake. Kula, baba. Kula utuambie ni tamu au si tamu."

Simu za wasikilizaji zilianza kumeta mezani. Siku nyingine Sagal angefurahi. Alisoma kipindi kipya cha kwanza, akasoma cha pili, akafika cha tatu. Alitazama karatasi. Jina la Najib lilikuwa pale, kwa herufi za chapa, kama jina la mtu yeyote.

"Na Jumatatu jioni," alisema, "inaanza *Tulipopotezana*." Akanyamaza.

Murithi alidhani anangoja sauti. Ndivyo walivyokuwa wakifanya kila wiki: Sagal akitaja, yeye hubonyeza. Akabonyeza. Sauti ya Najib ikatoka hewani, ikaingia kwenye maduka ya Suq Mugdi, kwenye hoteli za chai, kwenye magari yaliyokuwa njiani kuelekea Hagadera. *Baba yako anaweza kunifungia mlango. Moyo wako hawezi kuufunga.* Na kilio chake baada ya hapo, kirefu.

Sagal alivua hedifoni polepole na kuziweka mezani. Nusu saa yake ilikuwa haijaisha. Murithi aliweka wimbo huku akimtazama kwa mshangao, na simu ya Sagal ikaanza kutetemeka. Alikuwa mama yake.

"Sagal," mama alisema kwa Kisomali, na nyuma yake redio ya duka ilisikika ikiimba wimbo uleule. "Yule aliyekuwa analia hapo sasa hivi ni nani?"

"Hooyo, ni mwigizaji."

"Nimekuuliza ni nani."

Sagal hakujibu. Mama yake, Fatumo, alikuwa mwanamke wa maneno machache, na mara nyingi kunyamaza kwa mtu kulimtosha.

"Subhanallah," alisema, na simu ikakatika.

*

Najib alitakiwa kuja Jumapili kwa maandalizi ya nikahi, na alikuja. Sagal alikuwa amemtumia ujumbe mmoja tu: *Nimekiona kionjo. Njoo dukani, si nyumbani.* Hakupokea simu yoyote aliyopiga baada ya hapo.

Najib aliingia dukani asubuhi na begi lake begani, vumbi la safari bado kwenye viatu. Fatumo aliitikia salamu yake bila kuinua macho. Aliketi kwenye kiti cha mlangoni na kuanza kukunja mitandio iliyokuwa imekwisha kukunjwa. Sagal alikuwa ndani zaidi, nyuma ya meza ya kupimia, katikati ya majora ya vitambaa yaliyopanda hadi darini. Ndivyo walivyokutana siku zote tangu wachumbiane: mama mlangoni, meza kati yao.

Sagal alitaka kumchukia. Badala yake aliona kwamba amekonda, na macho yake hayakuwa na usingizi. Ikamuuma kwamba moyo wake uliona hilo kwanza.

"Nilitaka kukwambia mimi mwenyewe," Najib alisema. "Leo. Wallahi, ndiyo safari hii."

"Vipuri vinauzwaje?"

"Sagal."

"Nauliza tu. Ijumaa iliyopita ulisema kuna mteja aliyerudisha taa za gari. Aliridhika?"

Najib aliweka begi chini. "Hakuna mteja. Duka lilifungwa mwaka jana, kabla ya mvua. Nilikuwa natafuta kazi, nikasikia kuna watu wanapiga picha tamthilia na wanahitaji mtu wa kuwafundisha waigizaji kutamka Kisomali. Nilikwenda kufundisha. Siku moja yule aliyepaswa kuigiza hakutokea, mwelekezi akaniambia nisome maneno yake ili wenzangu wafanye mazoezi. Nikasoma. Akaniambia nirudi kesho."

"Na ukarudi."

"Nikarudi."

"Na kila Ijumaa ukanipigia simu, ukaniuzia taa za gari."

Nje, mwanamke alisimama kuuliza bei ya kitambaa cha dirac, lile gauni pana la Kisomali. Fatumo akamwambia duka limefungwa, ingawa milango yote ilikuwa wazi.

"Kwa nini hukuniambia?" Sagal aliuliza. "Mimi, Najib. Katika watu wote wa Garissa. Mimi ndiye ninayekesha nikizitazama hizo tamthilia. Ungemficha baba yangu, ningeelewa. Ungemficha imamu. Mimi ulinificha kwa nini?"

"Kwa sababu ni wewe." Aliinua macho. "Nakusikiliza kila Jumamosi. Pale kazini tunafungua redio yenu kwenye simu, wote tunakusikiliza, mpaka mwelekezi. Ukisema mwigizaji fulani ni mti uliokauka, yule mtu anakwenda nyumbani hana raha. Niliogopa siku utakayosema hivyo juu yangu. Nikajiambia, acha kwanza nijifunze. Akinijua, anijue nikiwa naweza."

Sagal alimtazama akidhani hakusikia vizuri.

"Unakumbuka ulisema wanaume wa runingani hawajui kulia?" Najib aliendelea. "Kwamba wanafunika uso kwa mikono ili tusione kwamba hakuna machozi. Ulisema mwanaume anayelia kweli husahau kwamba ana mikono. Nilikupigia Ijumaa iliyofuata, nikakuuliza unamaanisha nini. Ukanieleza karibu saa nzima."

Alikumbuka. Aliikumbuka simu ile vizuri, maana alilala nayo moyoni usiku mzima kwa furaha. Aliwaza ni mwanaume gani mwingine wa mji huu angemuuliza mchumba wake, kwa hamu ile, mtu hulia vipi. Sasa alielewa, na ilikuwa kama kuvutwa zulia chini ya miguu. Kionjo kile, yale machozi, uso ule wazi ambao hata katika mshtuko wake aliuona ni uigizaji mzuri kuliko wowote wa msimu: yeye ndiye aliyeufundisha.

"Ulinitumia," alisema.

"Nilijifunza kwako."

"Kama ungeniomba nikufundishe, hapo ndipo ungekuwa unajifunza. Ulinichota maneno nikidhani tunapendana."

"Tunapendana, Sagal."

"Ulimshika mkono."

Maneno yalimtoka kabla hajayapima. Mlangoni, mikono ya Fatumo ilitulia juu ya mtandio. Najib alirudi nyuma hatua moja.

"Ule mchezo—"

"Nasikia. Nilisema hivyo hivyo redioni juu ya watu wengine: ni mchezo, msiwahukumu. Nimetetea waigizaji wa nchi nzima. Lakini tangu tumechumbiana, mimi sijui mkono wako una joto au una baridi. Nimeketi upande huu wa meza kama mtu wa heshima, nikingoja nikahi. Na yule mwanamke wa gauni la kijani anajua." Sauti yake ilipungua. "Yeye anajua kabla yangu."

Najib alitazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

"Hilo sikulifikiria," alisema. "Naapa sikulifikiria."

"Ndiyo," Sagal alisema. "Nimeona."

Fatumo aliinuka kitini. "Inatosha," aliwaambia. "Baba yake Sagal yuko njiani kutoka Tarbaj. Mambo haya atayasikia, kama hajayasikia. Wewe Najib nenda ukapumzike kwa binamu yako. Kesho jioni utaitwa."

*

Mzee Korane alikuwa amekwenda Tarbaj kununua ngamia, na habari zilimpata njiani, kwenye simu ya dereva wa lori. Alirudi Jumatatu alasiri, akaswali, akaoga, akanywa chai yake ya maziwa. Sagal aliandaa maneno ya kila aina. Alijua baba yake hapendi runinga. Miaka yote, tamthilia ikianza, aliinuka akachukua tasbihi yake na kwenda kuketi uani. Wazee wenzake walimwambia wazi kwamba kijana anayelia mbele ya kamera akimshika mwanamke asiye wake hawezi kukabidhiwa binti.

"Aabo," Sagal alianza.

"Inaanza saa ngapi?" baba aliuliza.

"Nini, aabo?"

"Hicho kipindi."

Sagal na mama yake walitazamana.

"Watu kumi wameniambia nivunje uchumba huu," Korane alisema. "Nimewauliza wote, mmekiona? Hakuna aliyekiona. Mimi sinunui ngamia kwa kusimuliwa. Mwiteni huyo kijana aje, atazame nasi."

Kwa hiyo, jambo ambalo Sagal asingeliamini hata kama lingeandikwa kwenye tamthilia, jioni ile baada ya magharibi waliketi sebuleni wote wanne. Baba alikaa kwenye mto wake mkubwa mbele ya runinga, mama kando yake. Sagal alikuwa karibu na mlango wa jikoni. Najib alikaa peke yake kwenye ukingo wa zulia, mgongo wima, kama mtu aliye mahakamani.

Muziki ukaanza. Majina yakapita. Jina la Dagane lilipotokea, Najib aliinamisha kichwa.

Sagal alikuwa ametazama vipindi vingi vya kwanza maishani mwake, na alijua ndani ya dakika chache kama kitu kina uhai au hakina. Alitamani hiki kiwe kibaya. Ingekuwa rahisi. Hakikuwa kibaya. Kilikuwa na makosa yake: nyumba ilikuwa safi mno, mtumishi aliongea kama wakili, mvua ilinyesha upande mmoja tu wa ukuta. Lakini Najib alipoingia, chumba kizima cha runingani kiligeuka kumfuata. Aliigiza kijana fukara aliyempenda binti wa tajiri, na alipokuwa kimya ndipo alipoonekana zaidi. Sagal alijikuta amesogea mbele. Alijikuta, Mungu amsamehe, anapanga maneno ya Jumamosi.

Kijana alimweleza tajiri umaskini wake wote mlangoni, akafukuzwa, kisha ikafika ile ya kionjo. Magoti, mvua, mkono. Najib wa runingani alilia bila kujifunika, na Najib wa kwenye zulia alitazama sakafu. Sagal aliwatazama wote wawili na hakujua yupi amemposa.

Kipindi kikaisha. Baba alinyoosha mkono akapunguza sauti ya matangazo.

"Huyo tajiri," alisema, "ni mjinga. Kijana amemwambia ukweli wake wote mlangoni, na bado anamfukuza."

"Najib."

"Naam, adeer," Najib aliitikia, kama mtu amwitavyo ami yake.

"Wenzangu wanasema umeaibisha nyumba kwa kuigiza. Nimekutazama. Aibu sijaiona hapo, ingawa ule mkono sikuupenda, na nitakwambia hivyo hata ukiwa mkwe wangu. Hao watu wa kazi yako, ukiwaambia hutaki kumgusa mwanamke, watakubali?"

"Sijawahi kuwauliza, adeer. Nitawauliza. Wengine huwa wanakubali."

"Uwaulize." Korane alizungusha tasbihi kidoleni. "Lakini neno langu si hilo. Kijana wa runingani amesimama mlangoni kwa baba wa msichana akasema mimi ni nani na sina nini. Wewe ulikaa hapa hapa kwenye zulia langu siku ya Iddi, ukala chakula changu, ukaniambia biashara ya vipuri ni ngumu. Nikakuombea dua. Nimeomba dua kwa duka ambalo halipo."

Hilo lilimpiga Najib kuliko matusi. Sagal aliona mabega yake yakishuka.

"Nisamehe, adeer."

"Nakuuliza jambo moja. Nikikwambia, acha kazi hii, mwisho wa mwezi nakupa binti yangu, utaiacha?"

Sagal alijua jibu. Kila kijana mwenye akili angejua jibu. Tamthilia zote alizowahi kutazama zilikuwa na jibu hilo: ndiyo, nitaacha kila kitu, nitaacha dunia. Mama yake tayari alikuwa amevuta pumzi ya nafuu.

"Hapana, adeer," Najib alisema. "Sitaiacha."

Fatumo alishika kifua. Hata baba, ambaye uso wake haukuwahi kusomeka sokoni, aliacha kuzungusha tasbihi.

"Naweza kukwambia nitaiacha," Najib alisema, na sauti yake ilitetemeka vibaya, si kwa namna nzuri ile ya runingani. "Ungenikubali leo. Baada ya nikahi ningeanza kuikumbuka, na ningeanza kutafuta uongo mwingine wa kumwambia Sagal kila Ijumaa. Nimechoka kumdanganya. Ni kazi ninayoipenda. Nampenda na yeye. Sijui kama vitu hivyo viwili vinaingia nyumba moja, lakini nikisema najua nitakuwa nimekudanganya tena."

Pua yake ilikuwa inachuruzika. Alijifuta kwa mkono wa shati kama mtoto, na Sagal, aliyekuwa amemtazama mwanaume huyu akilia kwa ustadi dakika chache zilizopita, alihisi kitu kikifunguka kifuani. Huyu hakufundishwa na mtu. Huyu alikuwa mbaya kabisa kutazama, na alikuwa wake.

"Sagal," baba alisema. "Suala la kuigiza nimelimaliza mimi. La kudanganywa ni lako. Unasemaje?"

Hakuwahi kuulizwa swali kama lile mbele ya mwanaume. Mama alimtazama kwa macho ya kumwonya ajibu polepole.

"Mama yake hajui," Sagal alisema.

"Hajui nini?"

"Kazi yake. Eeddo Ugbad yuko Diff, hana runinga, na anaamini mwanawe anauza vipuri. Watu watamfikishia habari vibaya, kama zilivyonifikia mimi." Alimgeukia Najib. Ilikuwa mara ya kwanza jioni ile kumtazama machoni. "Mpigie sasa. Hapa. Mwambie mwenyewe, nikusikie unavyosema ukweli kwa mtu unayemwogopa."

Najib alitoa simu. Alikosea namba, akaanza upya. Aliweka sauti ya wazi, na simu ikaita kwa muda mrefu huko mpakani ambako mtandao huja na kuondoka unavyotaka. Kisha sauti ya mwanamke mtu mzima ikasikika, na mbuzi nyuma yake.

Alimwambia. Hakuzunguka. Duka lililofungwa, tamthilia, mwanamke wa kwenye mvua, kipindi kilichoonyeshwa jioni ile. Alimwambia pia kwamba yuko nyumbani kwa Korane, na kwamba ameulizwa kama ataiacha kazi, naye amekataa.

Upande wa pili walisikika mbuzi tu.

"Umelia mbele ya watu wote wa Kenya," mama yake Najib alisema mwishowe.

"Ndiyo, hooyo."

"Baba yako, Mungu amrehemu, hakulia hata siku ngamia wake wote walipokufa." Akapumua. "Pengine angeishi zaidi kama angelia."

Najib alifunika macho.

"Na yule msichana," sauti iliendelea, ikiwa na woga ambao mwanamke yule hakutaka usikike. "Binti Korane. Amejua haya yote?"

"Amejua."

"Bado anakutaka?"

Najib aliinua macho kutoka kwenye simu. Alimtazama Sagal. Fatumo naye alimtazama, akitikisa kichwa kidogo sana, maana swali kama hilo binti mwenye adabu hulijibu kwa kunyamaza, na kunyamaza kwake huhesabiwa ndiyo. Ndivyo Fatumo alivyojibu yeye, na mama yake kabla yake.

Sagal aliinuka. Alivuka zulia mbele ya baba yake, akapiga magoti karibu na simu, mbali na mkono wa Najib kwa adabu, lakini karibu ya kutosha kusikika hadi Diff.

"Namtaka, eeddo," alisema.